Barua za Jamvini: Usiufuate Mpira

Mwezi uliopita niliandika mistari michache tu hapa jamvini. Nilisema kwamba mimi, mzaliwa wa Tanga ninayeishi Connecticut na kufanya kazi ya kutunza wazee majumbani, kila ifikapo Oktoba hutafuta timu ya kikapu ya wanawake ya chuo chochote iliyofungua mazoezi yake kwa watazamaji, nikaenda, nikakaa, nikatazama. Sikujua kwamba Waswahili wengi kiasi hiki hapa Marekani wanaufuata mchezo huu. Barua zimejaa. Nimechukua sita, na ya kwanza nimeijibu kwa urefu, kwa sababu ndani yake mna swali ambalo karibu kila mmoja wenu ameliuliza kwa namna yake.

*Shangazi, shikamoo. Mimi ni mama wa mabinti wawili, mmoja miaka 7, mwingine 11. Tunaishi Iowa. Tangu enzi za Caitlin Clark, nyota wa Chuo Kikuu cha Iowa, nyumba yetu haina habari nyingine ila kikapu. Sasa timu ya chuo imetangaza mazoezi ya wazi Jumamosi, hakuna kiingilio. Mume wangu anasema tutapoteza asubuhi nzima kutazama watu wakirusha mpira pasipo matokeo. Kweli kuna cha kuona? Na watoto watavumilia? — Mama Wawili, Iowa*

Marahaba mwanangu. Nendeni, na baba yao aje.

Niliingia nchi hii nikiwa na timu moja tu moyoni, ile aliyochezea Hasheem Thabeet, kijana wetu wa Dar es Salaam, pale Chuo Kikuu cha Connecticut, UConn kwa kifupi. Msimu wa 2008 hadi 2009 nilikuwa namtunza bibi mmoja, mwalimu mstaafu, na kila Thabeet alipocheza nilimwomba tuwashe televisheni. Bibi alivumilia mechi tatu nne, kisha akaniambia, leo tutazame mabinti. Nikatazama kwa adabu. Mwaka ule wanaume walifika nusu fainali ya taifa wakatolewa na Michigan State. Mabinti, akina Maya Moore, Renee Montgomery na Tina Charles, walicheza mechi 39 na kushinda zote 39. Kufikia Aprili mimi ndiye niliyekuwa nauliza saa za mechi.

Vuli iliyofuata bibi aliniomba nimpeleke kwenye mazoezi ya wazi ya chuo kidogo kilichokuwa karibu na kwake. Nilisukuma kiti chake cha magurudumu hadi mlangoni, na pale mlangoni akanigeukia akasema, "Usiufuate mpira." Hakueleza zaidi.

Tulipokaa, meneja wa timu alipanda ngazi akaifunika ringi kwa kifuniko cha plastiki, duara kama kawa la kufunikia chakula, ili mpira usiweze kuingia. Kocha msaidizi akarusha. Mpira ukagonga kile kifuniko, ukaruka kando. Chini palikuwa na wachezaji sita, watatu wa jezi nyeupe na watatu wa bluu. Dakika nane nzima hakikufungwa kikapu hata kimoja, kwa kuwa hakikuweza kufungwa. Kazi ilikuwa moja tu: mpira ukiwa hewani, mtafute mpinzani wako, mguse, mpe mgongo, teremsha nyonga, mzuie, ndipo uinue macho.

Kulikuwa na binti wa mwaka wa kwanza, mwembamba, nywele amesuka twende kilioni. Aliinua macho mapema. Mpira ukampita. Zamu iliyofuata akarudia kosa lile lile, na filimbi ikalia. Kocha mkuu hakupaza sauti. Alimwendea, akajipiga nyonga yake mwenyewe kwa kiganja, akasema, "Mguse mtu kwanza." Halafu wote sita wakakimbia uwanja mzima, kwenda na kurudi, kwa kosa la mmoja. Waliporudi wakihema, mwenzake wa mwaka wa nne alimshika kiuno kwa mikono miwili, akamsogeza hatua moja kushoto, akamgeuza mabega kidogo, kama fundi anavyomgeuza mteja mbele ya kioo. Hakumwambia neno. Mpira uliofuata, yule mdogo aliudaka yeye. Benchi zima likasimama kwa kelele.

Januari nilimwona kwenye mechi yenyewe. Zikiwa zimebaki sekunde chache, mpinzani alikosa, na yeye ndiye aliyeibuka na ribaundi. Jirani yangu kwenye kiti akasema amepata bahati. Mimi nilikuwa nimeona mguu wake wa kushoto ulivyorudi nyuma kabla mpira haujafika kwenye ringi.

Basi mwambie baba wa watoto kwamba matokeo yapo, ila hayaandikwi ubaoni. Kwenye mechi macho yetu yanavutwa na mpira, na mpira uko mkononi mwa mtu mmoja kati ya kumi. Mazoezini kocha anausimamisha mchezo na kukuonyesha wale tisa. Utamsikia mlinzi akiita jina la anayemkaba, utamsikia mwenzake akiitikia, utaona nani anaongea na nani amenyamaza. Ukumbi wenye mashabiki 15,000 unayafuta hayo yote. Ukumbi wenye watu 200 unayaleta hadi kwenye kiti chako, pamoja na mlio wa viatu na meneja akifuta jasho sakafuni kwa taulo.

Kuhusu watoto, fanya hivi. Kila mmoja achague mchezaji mmoja, asiwe nyota, na asimwache kwa macho. Wa miaka 7 mpe kazi ya kuhesabu mara ngapi mchezaji wake amegongana viganja na wenzake. Wa miaka 11 atazame jambo moja: mchezaji akikosea, anafanya nini katika hatua tatu zinazofuata? Anainamisha kichwa, anatazama benchi, au anarudi kukaba? Mkifika nyumbani muulize. Utashangaa atakavyokusimulia.

Mdogo akichoka baada ya saa moja, mtoe bila kumgombeza, maana mazoezi kamili yanaweza kwenda saa mbili na zaidi. Ila subirini honi. Kila zoezi lina dakika zake, saa ya ukutani inahesabu kurudi nyuma, honi ikilia wanabadilisha. Hapo ndipo pa kusimama. Bebeni vitu kwenye mkoba wa plastiki unaoonyesha, kwani kumbi nyingi haziruhusu mwingine. Na kama ni pale Carver-Hawkeye, ukumbi wa Chuo Kikuu cha Iowa, mtaingilia juu, uwanja wenyewe uko chini kama umechimbwa ardhini. Msikimbilie safu za mbele kabisa. Shukeni hadi kati, ambapo mnaona wachezaji wote kumi na bado mnasikia sauti.

Tena muwahi. Jimbo lenu lina historia ya kujaa. Mwaka 1985, C. Vivian Stringer akiwa kocha, watu 22,157 waliingia kwenye ukumbi ule kuwatazama mabinti wakicheza na Ohio State. Oktoba 2023 walikuja 55,646 kwenye uwanja wa futibali ya Kimarekani wa Kinnick, na ile ilikuwa mechi ya kirafiki dhidi ya DePaul.

*Shikamoo Shangazi. Ninasoma South Carolina. Rafiki alinichukua kwenye mazoezi ya wazi ya timu moja ya wanawake, nikashangaa kukuta vijana wa kiume watano wanacheza dhidi ya mabinti, wanakaba kweli kweli. Hao ni nani? Na je, hawawachukulii mabinti wa akiba nafasi yao? — Mwanafunzi, South Carolina*

Marahaba. Umeuliza swali zito kuliko unavyofikiri.

Hao ni wanafunzi wenzako. Timu nyingi za wanawake za Divisheni ya Kwanza, ngazi ya juu ya michezo ya vyuo, zina vijana wa kiume wa mazoezi. Kijana huyo lazima awe amesajiliwa masomo ya muda wote katika chuo hicho hicho na awe ametimiza masharti ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo, kama mchezaji mwingine, lakini hapewi ufadhili wa masomo kwa kazi hiyo. Hachezi mechi hata moja. Anakuja kuwapa mabinti kasi, urefu na nguvu ambazo watakutana nazo kwa wapinzani wakubwa. Pat Summitt wa Tennessee, aliyeshinda mechi 1,098 na mataji 8 kati ya 1974 na 2012, aliwatumia.

Niliwahi kuzungumza na mmoja wao nje ya ukumbi, mwanafunzi wa uhandisi, amefunga barafu gotini kwa plastiki. Aliniambia wiki ile yeye alikuwa mtu mwingine. Kocha alimpa video za nyota wa timu pinzani, akaambiwa acheze kama yeye: aende kulia tu, asimame ghafla, arushe akirudi nyuma. Siku tatu hakuruhusiwa kucheza mchezo wake mwenyewe. Jumapili yake alikaa jukwaani na kitabu chake, akamwona yule nyota halisi akienda kulia, na binti aliyemkaba yeye mazoezini wiki nzima akiwa ameshafika pale kabla yake. Aliponisimulia alikuwa anang'aa uso. Tangu siku hiyo, vijana hawa wakitambulishwa kwenye mazoezi ya wazi mimi husimama kuwapigia makofi.

Sasa nafasi. Mwaka 2006 kamati ya NCAA inayoshughulikia michezo ya wanawake ilipendekeza vijana hao wasitumike tena, kwa hoja hiyo hiyo yako: kwamba binti wa mwisho benchini anasimama kando huku mvulana akicheza, na hilo haliendani na roho ya Title IX, sheria ya 1972 iliyofungua mlango wa michezo kwa wanawake vyuoni. Makocha wengi walipinga, na pendekezo halikupita. Mimi nawapenda vijana hawa, lakini hoja ile naiona ina ukweli, na ndiyo maana nikiwa mazoezini huwatafuta kwa macho mabinti wawili watatu wa mwisho. Nikiona kocha mzuri, huwachanganya: wa akiba wanacheza bega kwa bega na vijana dhidi ya kikosi cha kwanza. Nikiona wamesimama ukutani saa nzima na chupa za maji, naondoka nikiwa na huzuni kwa niaba yao. Nenda tena, utazame hilo.

*Shangazi, nimeumia. Nilikwenda mazoezi ya wazi, nikatoa simu kurekodi ili nimtumie dada yangu. Mlinzi akaja mbele za watu akanifokea nifute yote, kama mwizi. Kama ni ya wazi, kosa langu ni lipi? — Niliyefokewa, New Jersey*

Pole sana. Mlinzi hakukosea katika jambo, alikosea katika namna, na kwa hilo una haki ya kuandikia idara ya michezo kwa upole na kuwaeleza. Tangazo la kukataza video liwekwe mlangoni kwa herufi kubwa, watu wasifundishwe kwa kuaibishwa.

Lakini elewa kinachowaogopesha. Mazoezini timu inapanga mbinu za kuanzisha mpira kutoka pembeni, ishara za vidole, nani anamzuilia nani njia. Video yako ya nusu dakika, ukiiweka mtandaoni kwa furaha tu, inaweza kufika mezani kwa kocha mpinzani usiku huo huo. Halafu kuna kitu kingine ambacho kwangu ni kikubwa kuliko mbinu. Mle ndani kuna binti wa miaka 18 anakosea, anakemewa, pengine analia kidogo huku amejifunika jezi usoni. Anakosea mbele yenu kwa sababu ametuamini. Kosa lake la Oktoba lisiwe la kuchekwa na watu wasiomjua.

Kwa hiyo uliza mlangoni. Timu nyingi hukubali picha wakati wa kupasha misuli na baada ya mazoezi. Ukiambiwa hapana, weka simu mfukoni. Mimi hubeba daftari dogo na kalamu, na nikifika nyumbani naandika barua ndefu kwa mdogo wangu Tanga. Zipo anazozihifadhi hadi leo.

*Assalaam aleikum dada. Mimi ni mzee wa Mombasa, niko Ohio mwaka wa 20 sasa. Kwenye timu ya chuo cha hapa kuna binti wetu, Mkenya. Kwenye mazoezi ya wazi nilimsalimia kwa Kiswahili, akataka kulia. Mke wangu anataka tumpelekee mahamri na mbaazi, na tumpe na kibahasha kidogo cha kumsaidia. Kuna ubaya? — Baba Mlezi, Ohio*

Wa aleikum salaam kaka yangu. Nimeisoma barua yako mara mbili, na nimemsomea mwenzangu kazini.

Kibahasha, tafadhali, hapana. Kanuni za NCAA zinakataza shabiki kumpa mchezaji kitu ambacho wanafunzi wengine hawakipati, kwa sababu tu yeye ni mchezaji. Anaweza kusimamishwa kucheza kwa ukarimu wako. Ni kweli kwamba tangu Julai 1, 2021 wachezaji wa vyuo wanaruhusiwa kupata pesa kwa jina na sura zao, matangazo na mengineyo, lakini hayo ni malipo ya kazi, yana mkataba, yanaripotiwa. Bahasha ya mkononi si hayo. Na kwa binti aliyekuja kwa viza ya mwanafunzi mambo ni magumu zaidi, maana viza ile inambana sana kuhusu kazi za malipo. Usimtie kwenye shida ambayo hataweza kuieleza.

Jambo lingine wasilolijua wengi: ukishachangia idara ya michezo ya chuo, au ukishawasaidia kwa namna fulani wachezaji wake, NCAA inakuhesabu kuwa mtu wa timu ile, na ukishahesabiwa hivyo hutoki, ni wa maisha. Kwa hiyo ukimwona kando ya uwanja msichana wa sekondari ameketi na wazazi wake, amealikwa kutazama chuo, msalimie kwa kichwa tu. Usimwambie "njoo kwetu". Hata kwa mapenzi, hiyo ni kazi ya makocha peke yao.

Mahamri sasa. Hapa usikate tamaa. Kanuni zinaruhusu wachezaji kualikwa mlo wa nyumbani mara moja moja, kwa utaratibu. Kila idara ya michezo ina ofisi inayosimamia kanuni hizi, na kazi yao ni kujibu maswali kama lako. Piga simu, sema ukweli wote: sisi ni wazee wa Mombasa, kuna binti wa kwetu, tungependa kumkaribisha chakula. Watakwambia la kufanya, pengine pamoja na wenzake wawili watatu. Muulizeni na yeye kama anapenda, na muwaambie mapema wanaomwangalia lishe.

Na wakati mnasubiri jibu, kuna zawadi isiyohitaji kibali cha mtu yeyote. Njooni kila mechi, mkae mahali pale pale, mke wako amwite kwa jina kwa lafudhi yake sahihi. Miezi mizima huenda hajasikia jina lake likitamkwa vile lilivyo.

*Dada, tarehe za haya mazoezi mnazipata wapi? Na ile sherehe ya Oktoba ya UConn, ndiyo mazoezi ya wazi? — Msomaji, Hartford*

Jirani yangu kabisa wewe. First Night pale Gampel, ukumbi wa UConn mjini Storrs, ni sherehe ya kufungua msimu: taa, muziki, timu ya wanaume na ya wanawake zinatambulishwa, mashindano ya kurusha. Mpeleke mtoto, atafurahi. Mazoezi si hayo.

Timu za Divisheni ya Kwanza huruhusiwa kuanza mazoezi siku 42 kabla ya mechi ya kwanza, na kwa kuwa msimu huanza mwanzoni mwa Novemba, shughuli huanza mwisho wa Septemba. Mazoezi ya wazi mengi huangukia Oktoba. Tazama ukurasa wa timu, jiandikishe kupokea barua pepe zao, na uulize ofisi ya tiketi, kwani baadhi huwafungulia wenye tiketi za msimu peke yao. Makocha wengine hawafungui kabisa, tuheshimu. Mwisho wa msimu, kwenye Final Four ya wanawake, yaani timu nne za mwisho za taifa, nusu fainali huwa Ijumaa na fainali Jumapili; Jumamosi ya katikati mashabiki wamekuwa wakiruhusiwa kuingia bure kutazama mazoezi. Siku ile ni mepesi, miguu inapumzishwa, lakini kama hukupata tiketi ya fainali, kuwaona kwa ukaribu ule ni neema.

*Shangazi shikamoo. Huku kwetu Pennsylvania hakuna timu kubwa karibu. Kipo chuo kidogo tu, Divisheni ya Tatu, mechi zenyewe wanakuja watu 80. Sijawahi kuona tangazo la mazoezi ya wazi. Nifunge safari ya saa nne kwenda kwa wakubwa, au niachane nalo? — Mpenzi wa Kikapu, Pennsylvania*

Marahaba. Usifunge safari yoyote. Una bahati na hujaiona.

Hapo hapo Pennsylvania ndipo kilipo Immaculata, chuo kidogo cha Kikatoliki. Kabla NCAA haijaanza mashindano yake ya wanawake mwaka 1982, ubingwa wa taifa ulisimamiwa na chama cha AIAW, na mataji matatu ya kwanza, 1972, 1973 na 1974, yote yalikwenda Immaculata chini ya kocha Cathy Rush. Jukwaani walikuwapo watawa wakipiga ndoo kwa vijiti. Leo wako Divisheni ya Tatu, kama hicho cha kwenu. Kwa hiyo neno "kidogo" usiliandike haraka.

Divisheni ya Tatu haitoi ufadhili wa masomo kwa ajili ya michezo. Binti unayemwona pale amemaliza maabara saa tisa, amekimbia bila kula, na hakuna anayemlipia karo kwa kucheza. Mapenzi ya mchezo unayaona wazi usoni. Tena hakuna mlinzi wala foleni. Tangazo huoni kwa sababu hakuna anayeomba. Mwandikie kocha barua pepe ya mistari minne: jina lako, unaishi wapi, kwamba unapenda timu yao na ungeomba kutazama mazoezi siku moja, kimya, bila simu. Mimi nimeandika barua za namna hiyo 11 kwa miaka hii yote, na makocha tisa walinijibu ndiyo. Mmoja aliniletea kiti mwenyewe, na nusu ya mazoezi akaja kuniuliza nimeonaje ukabaji wao, nami nikamwambia kweli: namba 12 anaongea vizuri, lakini anaongea akiwa amechelewa. Akacheka, akaenda akamwambia.

Ukikubaliwa, fika dakika 20 kabla, uwaone wanaorusha peke yao kabla ya filimbi. Usikae nyuma ya kocha, atahisi macho. Kaa ng'ambo, upande wa benchi la wageni, safu ya nne au ya tano, mkabala na mstari wa mitupo huru. Pale utasikia kila jina linaloitwa. Na uniandikie.